Kithao: kamusi ipo, watoto je?

SWALI: Mwalimu, nasikia Kithao, lugha ya kule Ziwa Sun Moon nchini Taiwan, kimebaki na wazee wa kuhesabika. Tukiwarekodi maneno kama 2,000 kwa simu na kuyaweka kwenye programu ya kujifunzia, lugha si itakuwa imeokoka? Na nirekodi faili la aina gani?

JIBU: La faili ni jepesi. Tumia WAV, isiyobana sauti, si MP3, na kipaza sauti cha kubana kwenye shati. Kila faili liandikwe nani anasema, wapi, lini, na ameruhusu litumikeje.

Hilo la "kuokoka" ndilo linalonichosha. Kamusi ya Kithao ya mwanaisimu Robert Blust ilitoka 2003, ina zaidi ya kurasa 1,000. Maneno yako 2,000 utayakuta humo, lakini watoto wa pale ziwani wanaitana kwa Kichina. Orodha haimfundishi mtu kusema. Mzizi wa kula ni "kan". Ukitaka kusema fulani anakula, unapenyeza m katikati, inakuwa "kman". Hilo hulishiki kwa kubofya picha ya wali. Unalishika bibi akikufokea umalize chakula, kila siku, tangu hujaota meno yote.

Kipazeh, jirani yake, nacho kilipata kamusi, 2001. Bibi Pan Jin-yu, mzawa wa mwisho aliyekisema, alikifundisha hadi uzeeni, akafariki 2010 akiwa na miaka 96.

Wamaori wa New Zealand walianza kwa njia nyingine: mwaka 1982 walifungua kohanga reo, yaani "kiota cha lugha", wazee wakakaa na watoto wadogo kutwa nzima kwa Kimaori tu. Wahawaii wakafuata 1984, tena huku sheria ya 1896 ikiwa bado inazuia Kihawaii kufundishia shuleni. Wazazi walihangaika nayo hadi ikalegezwa 1986. Kazi hiyo inataka mishahara, majengo na wazazi wabishi. Haipakuliwi.

Sasa wamezuka wauzaji wa "lugha kwa siku 30" na wa akili mnemba. Wanachukua saa chache za sauti ya mzee, mashine inatunga sentensi ambazo hajawahi kuzisema, na akishafariki hakuna wa kuzikosoa. Iwe Kithao au lugha ya bibi yako mwenyewe, muulize muuzaji: mzawa gani anakagua, na rekodi ni mali ya nani? Akikujibu kwa idadi ya waliopakua, usimpe hata senti.