Mashapo kwenye mvinyo wa zamani

Una chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, ya mwaka 1996, umeona unga mweusi chini yake na unauliza kama mvinyo umeharibika? Hapana, haujaharibika. Huo unga ni mashapo: rangi na tanini za zabibu (vitu vya ganda na mbegu vinavyokausha mdomo) hushikana taratibu miaka ikienda, zikawa nzito, zikazama. Hayana sumu, ila mdomoni ni machungu na yanakwaruza kama mchanga. Nimehudumia meza za hoteli miaka kadhaa, tulikuwa tunasimamisha chupa tangu jana yake, kisha tunamimina polepole kwenye jagi la kioo, taa ikimulika shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi unakuja, acha hapo hapo, hata kama inabaki nusu glasi (inauma, najua). Mimina wageni wakishakaa. Mvinyo mkongwe hupoteza harufu upesi. Ukinuka siki, hayo ni mengine.