Kagongwa akiwa kwenye baiskeli, namba ya ICD ni ipi? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja kuhusu ajali za baiskeli na magari, nimechagua haya. Kwa mgeni, ICD ni orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, majeraha na vyanzo vyake, na hapa tunatumia toleo la 10.

Nesi, Shinyanga: Mgonjwa alikuwa anaendesha baiskeli kagongwa na bodaboda, kavunjika mkono. Nimeandika S52.5 nikaishia hapo, afisa kumbukumbu kanirudishia faili. Kosa liko wapi?

S52.5 yako iko sawa kama mfupa umevunjika kule chini karibu na kifundo cha mkono, lakini hiyo inasema ameumia wapi tu, haisemi kaumizwa na nini. Ajali inataka namba mbili, ya jeraha inaanza na S au T, na ya chanzo kwa wapanda baiskeli iko kati ya V10 na V19. Hapo unaangalia kilichomgonga: pikipiki au bajaji ni V12, gari dogo, pikapu au vani ni V13, lori au basi ni V14, treni V15, akigonga nguzo au mti V17. Halafu tarakimu baada ya nukta inasema yeye alikuwa nani, .4 ni mwendeshaji barabarani, .5 ni abiria barabarani. Kwa hiyo mgonjwa wako ni S52.5 na V12.4, jeraha linatangulia, chanzo kinafuata, usigeuze.

Na tafadhali sana usikimbilie V19.9. Hiyo ni ya mpanda baiskeli ambaye hatujui kagongwa na nini, na najua inavyotokea, mapokezi kuna foleni, mtu analia, mnaandika "RTA" (ajali ya barabarani) herufi tatu basi, faili likifika kwetu hata baiskeli hatuioni, tunabaki na V89.2 ambayo ni ajali ya gari isiyojulikana mtu alikuwa nani. Mwisho wa mwaka mtu wa mkoa anafungua ripoti anakuta wapanda baiskeli wachache, anaona hawana shida, wakati wodi ya mifupa imewajaa! Sisi kwenye rekodi haturuhusiwi kubuni, tunaweka kilichoandikwa. Muulizeni mgonjwa au aliyemleta: ulikuwa unaendesha, umepakiwa au unasukuma? umegongwa na nini? wapi? Ni nusu dakika.

Tabibu, Kigoma: Mzee alikuwa anasukuma baiskeli imebeba magunia ya mkaa, lori likamgonga. Ni V14?

Hapana, huyo ni mtembea kwa miguu. ICD inaangalia kama mtu alikuwa amepanda wakati ule, kumiliki baiskeli hakuhesabiki. Aliyekuwa chini anasukuma akagongwa na lori barabarani ni V04.1. Ila mjukuu wake angekuwa amekaa kwenye keria na babu anaendesha, mtoto angekuwa V14.5 na babu V14.4, kila mtu na faili lake. Na kando ya lami kwenye vumbi wanakopita watu bado ni barabarani, barabara inahesabiwa upana wake wote ulio wazi kwa umma. Kama mahali hapajaandikwa kabisa, kwa aliyekuwa amepanda baiskeli mwongozo unasema ichukulie ilikuwa barabarani.

Mwanafunzi, Morogoro: Daladala ni vani au basi? Tumebishana darasani.

Usiangalie umbo, angalia limetengenezwa au limebadilishwa kubeba watu wangapi. Zaidi ya 10 na dereva anatakiwa leseni maalum ya abiria, hilo ni basi, V14. Kwa hiyo Hiace ya abiria naipeleka V14, Noah ya teksi inabaki V13. Wapokeaji waandike "Hiace ya abiria" au "Noah", sio "gari" tu, ubishi unaisha.

Dereva wa baiskeli, Mwanza: Basi lilinibana hadi nikaingia mtaroni, halikunigusa. Hospitali wameandika nimeanguka mwenyewe. Ni haki kweli?

Pole sana kaka. Kwa namba wako sahihi, kama hakukuwa na kugongana inaenda V18, ya kwako V18.4, na inaniuma kila nikiiweka maana ndani yake hakuna basi, unasomeka sawa na aliyeteleza kwenye kokoto. Namba haina nafasi ya hilo, lakini maelezo ya daktari yana nafasi, na ndiyo yatakayosomwa na polisi, bima au wakili. Rudi umuombe aandike kwa maneno yako: nilikuwa naendesha upande wangu, basi likanipita kwa karibu, nikakwepa nikaanguka. PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu, nayo iseme hivyo hivyo, zikipishana utasumbuka.

Msomaji, Columbus Ohio: Kwenye bili yangu naona V13.4XXD. Mbona ndefu hivyo, na mimi niligongwa miezi miwili iliyopita?

Marekani wanatumia toleo lao, ICD-10-CM, tangu tarehe 1 Oktoba 2015. V13.4 ni ile ile, mwendesha baiskeli na gari dogo barabarani, X zinajaza nafasi tu ili herufi ya mwisho ikae ya 7. Hiyo ya mwisho ndo yenye maana: A ni matibabu yenyewe bado yanaendelea, D ni ufuatiliaji wakati unapona, S ni athari iliyobaki baadaye. D kwa mtu anayeenda kuangaliwa mfupa unavyounga ni sawa kabisa. Kama baiskeli yako ilikuwa ya umeme waambie, kwani tangu Oktoba 2022 baiskeli za umeme zina namba zao na zimewekwa kundi la pikipiki, yako ingekuwa V23.41XD.

Daktari wa zamu, Tabora: Mpanda baiskeli kagongwa na lori, kafariki kwa jeraha la kichwa. Sababu ya msingi ya kifo naandika jeraha?

Hapana dokta. Kwenye kifo mpangilio unageuka, sababu ya msingi ni ajali yenyewe, V14.4, na jeraha la ubongo S06 linabaki kama aina ya madhara. Mstari wa juu kwenye cheti andika jeraha la kichwa, mstari wa chini yake andika kwa kirefu "mwendesha baiskeli aligongwa na lori barabarani". Ukiandika "head injury" peke yake na kusaini, mimi huku sina pa kuitoa baiskeli wala lori, na ndugu wameshaondoka na mwili, hakuna wa kumuuliza tena.