Joka la kwenye picha kwa Kiswahili cha kale

Mdogo wangu wa Mpwapwa, umeuliza uielezeje picha ya joka lenye mbawa, litemalo moto, kwa lugha ya kizamani. Usirundike maneno magumu, mwalimu atakushtukia. Shika umbo la utenzi: mistari minne, mizani (silabi) nane kila mmoja, mitatu ya mwanzo kina (sauti ya mwisho) kimoja, wa nne kina chake kinachorudi kila ubeti. Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale la 1728, umejengwa hivyo.

Natazama joka hili,
mato yake ni makali,
lina mbawa kubwa mbili,
moto watoka kinywani.

"Mato" ni macho, Kiamu hicho, lahaja ya Lamu. Neno moja la hivyo kwa ubeti latosha. Magamba je? Yafananishe na tope la lambo lililopasuka kiangazi. Hilo umeliona mwenyewe, joka hujaliona.