Shoga yangu aliruka mita, nami nikaenda kumripoti

Ijumaa iliyopita nilikuta ujumbe mrefu kwenye simu yangu. Ameandika binti wa Lindi mjini, mpangaji, anauza juisi na maandazi. Anasema rafiki yake wa tangu shule ya msingi, ambaye sasa wanakaa ua mmoja, aliletewa fundi usiku, na kuanzia siku hiyo anatumia umeme bila kununua. "Dada, mimi nikinunua wa elfu tano siku nne haufiki. Mwenzangu anachemshia maharage jiko la koili tangu asubuhi. Nikimripoti nitakuwa nimemfanyia nini? Na nikinyamaza je?"

Nimeusoma mara tatu. Mdogo wangu, swali lako nilishakutana nalo mwaka 2022, na jibu nililolitoa mimi linaniuma mpaka leo. Si kwamba lilikuwa jibu baya. Nililitoa vibaya.

Nilikuwa nakaa Magomeni, hapa Mtwara, nashona. Nyumba ya pili alikuwa anakaa shoga yangu. Tulijuana kwenye mchezo wa kupeana hela, wanawake kumi, na siku zangu zikifika yeye ndiye aliyekuwa ananisindikiza kwenda kuzichukua. Mwezi Mei 2013, zile vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi yetu Dar, mabomu ya machozi yanalia barabarani, mimi nilikuwa nimekwama sokoni. Yeye ndiye aliyemchukua mwanangu wa kwanza akamfungia ndani kwake, wakalala chini ya kitanda mpaka kesho yake nilipofika. Nalisema hili ili ujue siongelei jirani wa salamu tu.

Biashara yake ilikuwa barafu. Barafu za ubuyu za watoto wa shule, na yale mabonge ya wachuuzi wa samaki. Alianza na friza moja, mita yake ikiwa ile ya watumiaji wadogo: uniti 75 kwa mwezi, kila uniti shilingi 122, kodi zikiwa humo humo. Kwa shilingi 9,150 unamaliza mwezi. Akaongeza friza ya pili, akavuka zile 75, akapandishwa kwenye uniti za shilingi 356. Ongeza kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye umeme, wakati ule ilikuwa elfu moja kwa mwezi. Elfu kumi yake ya kwanza ya mwezi ilikuwa inamletea uniti 25 tu, na friza mbili zilikuwa zinakula nne mpaka tano kwa siku. Nakumbuka alivyokaa kwenye kigoda barazani kwangu anapiga hesabu juu ya kipande cha boksi, anafuta, anapiga tena. Barafu moja ya ubuyu ni shilingi mia. Hesabu ilikuwa inakataa.

Kisha ikafika siku akaacha kulalamika. Hapo ndipo ningetakiwa kuuliza.

Ilikuja friza ya tatu. Likaja jiko la koili. Siku moja nilikwenda kwake kuazima mbuzi ya nazi, sikumkuta, nikazunguka nyuma. Waya unaotoka nguzoni ulikuwa unashuka ukutani, na kabla haujaingia kwenye mita ulikuwa umechunwa, umeungwa na waya mwingine mweusi uliopanda ukapotea chini ya bati. Pale penye maungio pamezungushiwa mfuko wa nailoni, ukafungwa kwa uzi wa bluu. Uzi ule ninaujua. Ni wa sare za shule, nilimpa mimi kibunda kizima aliponiambia anataka kushonea mapazia.

Nilirudi nyumbani bila mbuzi.

Kwa wiki karibu sita sikumwambia kitu. Nilikuwa napiga mafumbo. "Shoga, siku hizi sikuoni kwa wakala wa umeme." Anacheka. "Shoga, vishoka, hawa mafundi wa kuunga umeme kwa wizi, wamejaa mtaani, wataunguza nyumba za watu." Ananijibu, "Gesi inachimbwa hapa kwetu Msimbati, bomba limekwenda Dar, na sisi tununue uniti kama wao?" Tunacheka wote wawili, namwaga mchele kwenye ungo, mazungumzo yanaishia hapo. Nilijiambia nimeshamwonya. Nilikuwa sijamwonya. Fumbo unalifumba kwa ajili ya usalama wako mwenyewe, ili kesho useme ulisema.

Kwangu mambo yalikuwa yanaharibika. Ikifika saa moja jioni taa inakuwa nyekundu kama kibatari, pasi haishiki moto, mota ya ovaloki, mashine yangu ya kufunga pindo, inaunguruma bila kuzunguka. Ikanuka, ikafa, na nina sare arobaini za watu wa kufungua shule. Fundi akaniambia umeme ni mdogo, transfoma imezidiwa, mtaa mzima watu wameunga. Kwa hiyo haikuwa yeye peke yake, na haki yake naisema. Lakini yeye ndiye niliyemjua.

Halafu ikanyesha mvua. Binti yangu wa miaka tisa alikwenda kuanua nguo kwenye ule waya tunaoanikia, ambao kwa upande wa shoga yangu ulikuwa umefungwa kwenye msumari wa bati. Nilisikia ukelele mmoja, mfupi. Nilimkuta ameanguka kwenye tope, mkono unamtetemeka, hawezi kusema. Yale maungio yalikuwa yamelowa, yakagusa bati, bati likapeleka shoti kwenye waya wa nguo. Alhamdulillahi alikuwa na kandambili miguuni na alirushwa nyuma. Angeweza kung'ang'ania pale pale.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilipanda bodaboda nikaenda ofisi ya umeme, nikasema kila kitu. Kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwake ni hatua 12, nimewahi kuzihesabu. Sikuzipiga. Nilikwenda kilomita tatu kumwambia mtu nisiyemjua jambo ambalo sikumwambia shoga yangu wa miaka kumi na moja.

Walifika saa tano na pikapu na ngazi. Wakapiga picha, wakakata kuanzia nguzoni. Akapigiwa hesabu ya umeme wa miezi yote ile na faini juu yake, ikapita milioni moja. Friza tatu zikayeyuka. Maji yalikuwa yanatoka mlangoni mwake mekundu kwa ajili ya ubuyu, yanashuka mpaka barabarani, watoto wanayarukaruka. Aliuza friza mbili kulipa. Ya tatu haikutosha kumpa biashara.

Ofisini hawakumtaja mtu. Aliyenipeleka na bodaboda ndiye alisema, na mji wetu unaujua. Jioni ya tatu shoga yangu alikuja. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alisimama kizingitini akasema, "Ungeniambia, shoga. Ungeniambia tu." Akanikabidhi hotipoti yangu niliyompelekea pilau Idi iliyopita. Ameiosha, ameifuta, imekauka. Nilipofungua ilikuwa tupu. Miaka kumi na moja, chombo hakijawahi kurudi kitupu kati ya nyumba ile na yangu.

Mtaani walisema nimemchongea mwenzangu kwa sababu ya wivu wa friza. Wapo wanaosema hivyo hadi leo. Mimi nina ovaloki tatu sasa na wasichana wawili wa kazi, kila uniti ninayotumia nimeinunua, na sioni haya kulitamka hilo. Sijutii kuripoti. Mwanangu yuko darasa la juu leo, anaandika kwa mkono ule ule.

Sasa wewe mdogo wangu, na wengine mnaonisoma mkiwa mnahangaika kuinua biashara zenu, nisikilizeni.

Mwambie kwanza. Mwambie yeye mwenyewe, uso kwa uso, bila fumbo, bila kumtuma mtoto, bila kuandika kwenye simu. Sema, "Nimeuona waya." Maneno mawili tu. Usiseme nimesikia watu wanasema.

Mwambie na siku. Mwambie wiki moja, amtafute fundi mwenye leseni aurudishe waya ulivyokuwa, na ikipita utakwenda ofisini wewe kwa miguu yako. Lazima alisikie hilo kutoka kinywani mwako. Mimi ndilo nililomnyima shoga yangu, nafasi ya wiki moja. Angeweza kukataa, angeweza kunifukuza, lakini angekuwa amechagua yeye.

Isipokuwa kama kuna waya uliochunwa, bati linalotekenya vidole, au watoto wanaocheza karibu. Hapo hakuna wiki. Mwambie asubuhi, na kabla ya adhuhuri piga simu. Na usiuguse waya ule hata kwa mti mkavu, wala usimwite yule yule kishoka aliyeuunga.

Na usikubali akuvutie na wewe. Atakwambia, maana mwenye kuiba hapendi kubaki peke yake. Ukishapokea waya wake hata wa taa moja, mdomo wako umefungwa.

Hilo la gesi nalo utaambiwa. Huko kwenu Lindi watakutajia Songo Songo, kwamba gesi ya Kilwa inazungusha mitambo ya Dar tangu 2004, na ninyi mnauziwa uniti. Mimi nilikuwepo hapa 2013, nilikasirika kama wengine wote, na bomba lilipozinduliwa 2015 sikushangilia. Lakini jamani, aliyeruka mita Magomeni hakumpunguzia mtu wa Dar hata taa moja. Alipunguza ya bibi wa nyumba ya nne, mjane, anayenunua umeme wa elfu moja moja, ambaye friji yake ya sindano za insulini ilikuwa inashindwa kuwaka jioni. Dhuluma haina anwani ya mbali, ndugu zangu. Inaanzia kwenye transfoma mnayochangia. Tunaswali safu moja, tunafunga pamoja, kisha usiku tunaita kishoka na ngazi? Barafu ya kufuturisha watu imegandishwa kwa umeme wa wizi, unampa mfungaji anywe nini? Hebu tuogope. Na sisi tunaojua tukakaa kimya tukipiga mafumbo, tuogope zaidi.

Umeniuliza pia kama unaweza kuripoti bila jina lako kujulikana. Ofisini unaweza kuwaomba wasikutaje. Lakini ua wenu una milango mingapi? Atajua. Bora ajue kwako.

Shoga yangu alihamia Mikindani. Mwezi uliopita nilimwona sokoni amebeba fungu la ming'oko, nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza hali ya mtoto, akapita. Hotipoti ile bado ninayo kabatini. Nimepanga Idi inayokuja niijaze niipeleke mwenyewe, hata kama hatafungua mlango.

Wewe leo usiku mwenzako akishafunga biashara, nenda kagonge. Nenda peke yako, usibebe ushahidi wa picha. Ukitoka kwake nipigie, hata kama ni saa sita.