Fundi anataka 180,000, muuzaji anataka 450,000: kompyuta ya mezani itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Ndugu mleta mada, nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu. Umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani, uliyoinunua mtumba mwaka 2017 kwa ajili ya hesabu za duka na masomo ya watoto, inachukua karibu dakika kumi tangu uiwashe mpaka itulie, inaganda ukifungua kurasa nyingi za intaneti, na mwezi huu imejizima yenyewe mara nne. Fundi anasema mazabodi (ubao mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote) imechoka na anataka shilingi 180,000 aibadilishe, ilhali muuzaji wa jirani anakushawishi uchukue nyingine ya mtumba kwa shilingi 450,000. Mimi nina steshenari ndogo hapa Morogoro tangu mwaka 2013, na katika muda huo zimepita mezani kwangu kompyuta sita, nyingine nikazitengeneza wakati hazikustahili kutengenezwa, nyingine nikaziuza kwa bei ya chuma chakavu wakati zilikuwa bado na miaka ya kufanya kazi. Ninayokueleza, kwa hiyo, nimeyalipia.

Kwanza, dalili zako tatu si lazima ziwe za ugonjwa mmoja. Kuchelewa kuwaka na kuganda ni jambo moja. Kujizima ni jambo lingine kabisa. Fundi anayezifunga zote katika neno "mazabodi" kabla hajafungua kasha (hilo ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe, yaani prosesa, ni kile kipande kidogo kilichojificha chini ya feni) anabahatisha kwa fedha zako. Muulize alipima nini, na kwa kifaa gani. Akikujibu kwamba ana uzoefu wa miaka mingi, mshukuru na uondoke na kompyuta yako.

Tuanze na kuchelewa kuwaka na kuganda kwake. Kompyuta ya umri huo karibu daima ina diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta mafaili. Mkono huo hauwezi kufika mahali pengi zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde, na Windows 10 inapowaka huhitaji maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Hapo ndipo dakika zako kumi zinapotelea. Prosesa imekaa inasubiri, RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika wakati wa kazi) imejaa, na diski inakoroma. SSD, yaani diski ya aina mpya, haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hulijibu ombi lile lile papo hapo.

Mafundi wengi, badala ya kueleza hili, hukimbilia kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena. Nami nilipigiwa Windows mara tatu kwa kompyuta moja, kila mara kwa shilingi 15,000, na kila mara iliniridhisha kwa mwezi mmoja kabla ya kurudia uzembe wake, kwa kuwa tatizo halikuwa kwenye Windows. Mwaka 2021 nilinunua SSD ya GB 240 kwa shilingi 75,000 na kijiti cha RAM cha mtumba cha GB 4 kwa shilingi 20,000, ili RAM ifike GB 8. Kompyuta hiyo, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu iliyotoka mwaka 2012, ikawa inawaka chini ya nusu dakika. Hadi leo ndiyo inayochapa mitihani ya shule mbili za jirani. Bei za sasa zinaweza kuwa tofauti, hivyo pitia maduka matatu kabla ya kukubali.

Hata hivyo, kabla hujafanya lolote, hamishia mafaili yako yote ya hesabu kwenye diski ya nje au flashi, leo na si kesho. Kisha weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, itakayokuonyesha afya ya diski kwa rangi. Ukiona njano au nyekundu, hasa kwa sababu ya sekta (vijisehemu vya diski) zilizoharibika na kuhamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, jua diski hiyo inakuaga. Mwaka 2016 nilizipuuza dalili hizo nikapoteza daftari la madeni ya wateja la miaka mitatu, na waliokuwa na deni hawakujitokeza kunikumbusha.

Sasa hili la kujizima, ambalo ndilo linaloamua kesi yako. Sababu za kawaida ni joto, umeme, na mwisho kabisa mazabodi, na hazina budi kuchunguzwa kwa mpangilio huo, kwa kuwa kuichunguza ya kwanza hugharimu jioni moja tu, na ya mwisho hugharimu 180,000.

Joto huanzia kwenye vumbi. Itoe kompyuta nje, chomoa waya wote wa umeme, fungua kasha, uipulize kwa blowa huku ukizishika feni kwa kidole zisizunguke, maana feni inayozungushwa kwa kasi na blowa huharibu beringi zake. Usipige blowa karibu mno, wala usitumie kitambaa chenye maji. Kwa kompyuta ambayo haijafunguliwa miaka minane, pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto chake imekwisha kukauka ikawa kama chokaa. Inafutwa kwa spiriti na kupakwa mpya kiasi cha punje ya mchele. Baada ya hapo tumia programu kama HWMonitor uangalie joto la prosesa ukiwa kazini. Likibaki chini ya nyuzi 80 huna la kuogopa. Likipanda mpaka karibu nyuzi 100, prosesa hujipunguza kasi ili isiungue, na ikishindikana kompyuta hujizima, jambo ambalo si ubovu bali ni kinga iliyowekwa makusudi. Kama unaishi pwani, mwambie fundi akague pia kutu kwenye meno ya RAM, kwa sababu hewa ya chumvi haiwahurumii hata walio mbali na ufukwe.

Upande wa umeme, chunguza saa ambazo kompyuta inajizima. Yangu moja ilikuwa ikizimika asubuhi tu, kati ya saa tatu na saa tano, na fundi wa kwanza akanitajia mazabodi kama alivyokutajia wako. Ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba hizo ndizo saa ambazo jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, huwasha mashine yake, taa zangu zikafifia. Betri ya UPS yangu (kile kifaa cha kuishikilia kompyuta umeme unapokatika au kushuka) ilikuwa imekufa kitambo bila mimi kujua, kwani UPS yenye betri mfu huweza kuendelea kuwasha taa ya kijani kana kwamba imo kazini. Nilibadilisha betri, na kwa kuwa pawa saplai (kile kisanduku cha ndani ya kasha kinachogawa umeme) nayo ilikuwa imechoka nikaibadilisha pia kwa ya mtumba. Jumla haikufika nusu ya bei ya mazabodi, na ugonjwa ukaisha. Wewe jaribu kuazima UPS nzima na pawa saplai ya kompyuta nyingine kwa siku mbili. Ile njia ya volti 12 inayotoka kwenye pawa saplai inatakiwa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, na fundi mwenye mita anaweza kuisoma mbele ya macho yako. Angalia tu plagi: baadhi ya kompyuta za ofisini hutumia plagi yao ya kipekee badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na pawa saplai ya kuazima haitaingia.

Nisiache kukutajia betri ndogo ya duara iliyo juu ya mazabodi, aina ya CR2032. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma kila ukizima umeme wa ukutani, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Mteja wangu mmoja alikwisha kuambiwa anunue kompyuta mpya kwa sababu ya betri ya bei ya soda.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na bado inajizima, hapo mtuhumu mazabodi. Kagua vile vijipipa vidogo vya kapasita vinavyoizunguka prosesa: vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa, vikiwa vimevimba au vimetoa ute wa kahawia, fundi wako yuko sahihi. Lakini hata akiwa sahihi, mimi nisingelipa 180,000 hizo, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 2018 nililipa shilingi 150,000 kubadilishiwa mazabodi. Iliyowekwa ilikuwa mtumba, ya umri ule ule wa iliyotoka, kwa sababu mazabodi mpya za prosesa za zamani ni adimu. Ilidumu miezi minane. Ilipokufa nikagundua kwamba sina nilichobakiwa nacho: mazabodi ilikuwa imekufa, prosesa haikuingia kwenye mazabodi nyingine yoyote ya kisasa, na RAM niliyoongeza ilikuwa aina ya DDR2 isiyoweza kuchomekwa mahali pa DDR3. Tangu hapo, kila ninapotaka kutia fedha kwenye kompyuta kuukuu najiuliza kama kitu ninachokinunua kitahama nami kwenda kwenye kompyuta inayofuata, au kitazikwa nayo. SSD huhama. UPS, kioo, kibodi na diski ya nje huhama. Mazabodi na prosesa ya zamani huzikwa, na RAM ya DDR3 nayo huzikwa, ingawa kijiti kimoja cha mtumba ni bei ndogo na hulipa gharama yake ndani ya miezi michache. Kwa kipimo hicho nimeweza kukubali kutumia laki moja kwa kompyuta ya mwaka 2012 bila kujuta, na kukataa laki moja na nusu kwa nyingine iliyokuwa changa kuliko hiyo.

Kuhusu kompyuta ya 450,000, hujatuambia ni ya kizazi gani, na hapo ndipo penye mtego. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na si zaidi. Windows 11 rasmi inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana. Muuzaji atakwambia "ni Core i5" kana kwamba amemaliza maelezo, lakini i5 zimekuwepo tangu mwaka 2009. Soma tarakimu zinazofuata: i5-4570 ni kizazi cha nne, i5-6500 cha sita, i5-8500 cha nane, i5-10400 cha kumi. Usidanganyike kwa kuona Windows 11 tayari imo ndani, kwa kuwa kuna njia ya kuruka ukaguzi huo na mafundi wanaijua vizuri, ila Microsoft haiahidi kwamba kompyuta iliyowekewa hivyo itaendelea kupata masasisho. Ikiwa anayokuuzia ni kizazi cha nne, cha tano au cha sita, atakuwa anakuuzia uzee ule ule unaoukimbia, uliopakwa rangi. Ikiwa ni cha nane kwenda mbele na ina RAM ya DDR4, hapo kuna mazungumzo. Omba uiwashe dukani kwa nusu saa, na katika CrystalDiskInfo usome diski imefanya kazi kwa jumla ya saa ngapi tangu itengenezwe. Wauzaji wengine hawapendi swali hilo, nami huwa nawaelewa kwa namna hiyo.

Wengine hapa watakushauri uweke Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Kwa intaneti na masomo ya watoto ni ushauri mzuri, na kompyuta yangu moja inaitumia. Kwa hati za Word zinazoletwa na wateja ilinisumbua, kwani mipangilio ya kurasa hubadilika. Hoja ya umeme nayo ni ndogo kuliko inavyosemwa: kompyuta ya mezani na kioo chake, ikitumia wati 80 kwa saa 12, haifikishi uniti moja ya LUKU kwa siku.

Kwa hali yako, basi, ningeiacha ile 180,000 mfukoni. Hamisha mafaili, safisha vumbi, badilisha pesti, jaribu UPS na pawa saplai ya kuazima. Ikiacha kujizima, nunua SSD na utakuwa na kompyuta ya kukupeleka mwaka mmoja au miwili, ukijua kwamba masasisho ya Windows 10 yana mwisho wake na kwamba mambo ya benki ni heri uyafanyie kwingine baada ya hapo. Isipoacha, usinunue SSD kwanza. Chukua kompyuta ya kizazi cha nane, na diski yako ya zamani ukaichomoe mwenyewe kabla ya kumwachia mtu yeyote kasha hilo, kwa maana hesabu za duka lako zimo humo.

Ukishafungua kasha, piga picha ya mazabodi eneo linaloizunguka prosesa uiweke hapa, tuangalie vichwa vya kapasita. Taja pia saa ambazo imejizima zile mara nne.