Kisu cha kukunja cha mtumba: taja kasoro zake

Kaka, umeuliza kama "kimetumika kidogo, hali nzuri" inatosha kwenye tangazo la hiyo Opinel, kisu cha kukunja cha Kifaransa, unayouza hapo Mtwara. Haitoshi. Hali nzuri ya mvuvi wa Mikindani si ile ya mtu anayemenyea machungwa ofisini.

Soma kwanza maandishi kwenye bapa. Kama ni INOX, hakishiki kutu kirahisi. Kama ni CARBONE, hushika, tena kwa hewa yetu ya chumvi hushika haraka. Weusi wa juu juu ni kawaida ya chuma hicho, useme tu. Vishimo vya kutu ni jambo jingine kabisa, vipige picha kwa karibu, juani. Na tafadhali usikisugue kwa msasa ili king'ae, utaficha historia yake na kukiharibu zaidi.

Lililo kubwa ni pete ya kufungia, ile ya chuma shingoni mwa mpini inayozuia bapa lisijikunje. Kifungue, zungusha pete, kisha jaribu kukikunja kwa kubonyeza mgongo wa bapa, vidole vikae mbali na makali. Pete ikiteleza, andika hivyo mstari wa kwanza, maana kisu kikijikunja mtu akipasua samaki, vidole ndivyo vitalipa. Mpini wa mti ukilowa huvimba na kisu kinakuwa kigumu kufunguka. Hilo nalo litaje. Makali yakiwa yameliwa na tupa, weka rula kando ya bapa kwenye picha, mnunuzi aone upana uliobaki.

Mnunuzi akiwa Lindi, kikunje, kifunge uzi, kitie kwenye boksi gumu ndipo ukitume kwa basi.