Sufu ghafi iliyogandamana wakati wa kuoshwa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba nusu ya sufu ghafi ya kondoo wa aina ya Shetland uliyoinunua iligandamana ulipoiosha, na sasa unaogopa kuigusa nusu iliyobaki. Nakuelewa, kwa sababu sufu yangu ya kwanza niliipoteza hivyo hivyo. Kilichoiharibu si maji ya moto peke yake, bali ni kusuguliwa na kubadilishiwa joto ghafla, kwa kuwa magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele hunasana na hayaachani tena.

Kabla ya kuosha, vuta kishungi kimoja kwa nguvu karibu na sikio, ili usikie kama nywele zinakatika. Kikikatika, sufu hiyo ni dhaifu na haifai kusokotwa uzi. Kisha itie katika mfuko wa wavu, uizamishe katika maji ya nyuzi joto 60 hivi yenye sabuni ya maji, uiache dakika 20 bila kuikoroga, na uitoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yake yataganda tena juu ya nywele. Maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile. Usiifungulie kamwe maji ya bomba moja kwa moja.

Vaa glavu na barakoa, maana sufu ghafi inaweza kubeba vimelea vya kimeta au homa ya Q, magonjwa ya bakteria ambayo mtu huweza kuyapata kutoka kwa mifugo. Ukipata homa, au kidonda chenye kigaga cheusi, mwone daktari mapema na umweleze kazi uliyoifanya. Nusu iliyogandamana usiitupe, kwani inafaa sana kwa soli za ndani za viatu.